Majani Kando ya Jiko la Mama Generose

Mtaani Kalundu, karibu na bandari, kila mtu aliujua ufagio wa Mama Generose. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alifagia ua mpaka ukabaki udongo mtupu. Alikuwa mjane, na mjane mwenye ua mchafu husemwa.

Shida ilikuwa mlango. Kila mwaka ulizidi kuwa juu, naye kila mwaka aliongeza jiwe la kukanyagia. Sasa, mwaka 1958, ukuta wa jiko ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Mama Generose aliogopa. Nyumba hiyo ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mume wake.

Mwaka huohuo mwanawe Firmin alirudi kutoka Ubelgiji. Huko alisomea kazi ya kupanga bustani. Majirani walicheka: yaani mtu anavuka bahari kwenda kujifunza maua!

Firmin aliyatazama mawe ya mlangoni, kisha akautazama mlima nyuma ya nyumba.

"Mama, mlango haupandi. Ua ndiyo inashuka. Weye unafagia udongo, mvua inabeba."

"Eh! Kumbe Ulaya ulienda kusoma ufagio?"

Firmin alicheka. "Siku ya kwanza mwalimu alituambia tuchore ua wa kwetu. Nikachora huu, nikajaza maua. Akaniuliza: mvua ikinyesha, maji inapita wapi? Kazi ya bustani inaanzia pale, mama. Maua inafuata kisha."

Akapanda majani mafupi nyuma ya nyumba na kando ya jiko. Akaeleza kwamba majani hupunguza mbio za maji, na mizizi hushika udongo. Mbele, mahali pa kukaa wageni, akamwachia mama yake pa kufagia.

Firmin alipoenda Luberizi kwa kazi, jirani yao Georgette alipita.

"Mama Generose, siku hizi unafuga nyoka?"

Aibu ikamshika Mama Generose. Akang'oa majani yote ya kando ya jiko. Ya nyuma ya nyumba akayaacha, kwa sababu wapita njia hawakuyaona.

Haikupita wiki, mvua kubwa ikashuka kutoka mlimani. Pembe ya jiko ikaanguka, na sufuria ya maharage ikafukiwa. Mama Generose alisimama kwenye matope, akalia kwa uchungu. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Kule majani yalikuwa yamelala tu, na udongo wote ulikuwepo.

Firmin aliporudi, alimkuta mama yake amepiga magoti kando ya jiko, anapanda.

"Usiniseme," mama alisema. "Niambie tu tunayakata lini, nyoka isipate pa kulala."

"Kila yakifika kwenye kifundo cha mguu, mama."

Walijenga upya ile pembe. Masika yaliyofuata maji yalipita taratibu, ukuta ukasimama, na Mama Generose hakuongeza jiwe mlangoni. Ufagio wake hakuuacha. Aliufagia uwanja wa wageni kama zamani.

Siku moja Georgette alikuja na kikapu. Ukuta wake pia ulikuwa umepata ufa.

"Mama Generose, nigawie na miye yale majani."

"Nitakupa. Lakini sema kwanza: mvua ikinyesha, kwako maji inapita wapi?"

Georgette aligeuka kutazama upande wa kwake.

"Haya, twende tuangalie," alisema Mama Generose, akachukua jembe.