Magunia Yanayopumua

Lorena aliinjika kahawa, akaenda bandani kuchukua kuni. Humo mlikuwa na magunia matatu ya manoomin, mpunga wa ziwani. Yeye na mumewe Royce waliuvuna juzi kwa mtumbwi. Ulikuwa wa karamu ya wafu, Jumamosi. Sahani ya kwanza ingekuwa ya mama yake, Philomene, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita.

Mara akasikia sauti. Chakachaka. Chakachaka. Upepo haukuwapo. Sauti ilitoka ndani ya gunia.

Lorena akaligusa. Mama yangu wee! Lilikuwa na joto kama tumbo la mtu aliyelala. Mdomoni mwake mlitoka mvuke.

"Royce! Njoo! Kuna kitu humu!"

Royce akaja, akagusa, akaruka nyuma. "Mama mkwe huyo! Amekuja kutukagua."

"Usinitanie, Royce. Naogopa."

Wakamwita jirani yao, Shangazi Geneva. Bibi huyo aliweka chini tumbaku kidogo iwe sadaka, kama ada ilivyo. Kisha akatumbukiza mkono guniani hadi kiwiko. Ukatoka umejaa viwavi.

"Hawa ndio wanaochakacha," alisema.

"Na joto, shangazi?"

"Mpunga mbichi uko hai, mwanangu. Unapumua. Ukiufungia na maji yake unapata moto, halafu unaoza. Kwani mama yako hakukufundisha?"

Lorena akainamisha kichwa. "Alitaka kunifundisha. Kila mwaka nilimwambia, mwakani." Machozi yakamtoka. Sasa sahani ya mama ingekaa tupu.

"Utalia baadaye. Leta turubai!"

Wakautandaza mpunga kivulini, tabaka jembamba. Waliugeuzageuza mchana kutwa, na viwavi wakajiondokea. Gunia moja lilikuwa limeshaota ukungu mweusi. Wakalitupa.

Ijumaa asubuhi wakabandika sufuria kubwa ya chuma. Geneva akampa Lorena kasia.

"Moto mdogo. Koroga, usipumzike. Ukizubaa, unaungua. Punje zikiwa kavu na ngumu, epua. Ukikauka vizuri, unakaa miaka."

Geneva akaenda zake. Lorena alikaanga peke yake hadi jioni. Royce akavaa viatu safi vya ngozi, akaukanyaga mpunga kuondoa maganda. Kisha wakaupepeta.

Jumamosi, sahani ya Philomene iliwekwa mbele ya kiti kitupu, imejaa wali na nyama ya paa. Geneva akaonja wali wa sahani yake mwenyewe. Kijiko kikasimama hewani.

"Lorena, nani alikusaidia kukaanga?"

"Hakuna, shangazi. Nilikuwa peke yangu."

"Mimi nimekula wali wa Philomene miaka arobaini. Huu ni mkono wake."

Royce hakutania. Lorena akakitazama kile kiti. Nywele zikamsisimka, lakini hakukimbia. Akaisogeza sahani karibu zaidi.

"Kula, mama," alisema. "Mwakani nitapika tena."