Kayaki ya Mtu wa Kilo Mia na Ishirini na Nane

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Lori. Alikuwa mrefu na mnene, na mabega yake yalijaza mlango. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti ya chuma. Nyumbani alikalia benchi la chuma alilojitengenezea, kwa sababu viti viwili vya mbao vilikwisha kuvunjika chini yake.

Aliishi na mdogo wake, ambaye alikuwa kinyozi, pamoja na mke wa kinyozi na binti yao wa miaka saba. Kila asubuhi walikunywa chai pamoja uani.

"Kaka, sogea kidogo," kinyozi alisema. "Umelifunika jua."

"Sogea wewe. Mimi nikisogea, nyumba nzima inahama."

Wakacheka. Lori alikuwa amezoea kujicheka kabla hajachekwa.

Mwaka ule kazi ya mageti ilipungua. Ndugu hao wakakubaliana kwamba Lori atavua samaki bwawani, na shemeji yake atawauza. Wakaenda dukani kutafuta kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja, unaoendeshwa kwa kafi.

Dukani palikuwa na kayaki mbili. Moja ilikuwa pana. Nyingine ilikuwa nyembamba, nyekundu, ya kupendeza.

"Bosi, una kilo ngapi?" muuzaji aliuliza.

Kabla Lori hajajibu, mteja mmoja alidakia. "Mpe hiyo pana! Hicho ni kivuko, atavusha na magari."

Duka zima likaangua kicheko. Lori alihisi uso ukimwaka moto.

"Tisini na tano," alisema. "Nipe hiyo nyembamba."

Kinyozi alimtazama kaka yake. Alijua huo ni uongo. Wiki mbili kabla, kwenye zahanati, mizani ilisoma kilo mia na ishirini na nane, na wote wawili waliona. Lakini hakutaka kumwaibisha kaka yake mbele za watu. Akanyamaza.

Siku mbili za kwanza, kayaki ilizama karibu hadi ukingoni. Iliyumba kila Lori alipogeuza kichwa. Jaketi la kuokolea maisha halikufunga kifuani, kwa hiyo alilisukumia nyuma ya kiti. "Nitaizoea," alijiambia.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kinyozi alikuwa ukingoni akitia chambo kwenye ndoano. Lori alikuwa mbali kidogo, kwenye kina kirefu. Kambare mkubwa alinasa. Lori aliinama upande ili amchukue kwa wavu wa mkono.

Kayaki ikapinduka mara moja.

Lori hakujua kuogelea. Alishika kayaki iliyogeuka tumbo juu, lakini mikono iliteleza. "Mdogo wangu!" alipiga kelele. "Nakufa!"

Kinyozi alivua viatu, akajitosa. Alikuwa mwogeleaji mzuri. Alimfikia kaka yake na kumwambia, "Tulia, kaka. Tulia, nimefika."

Wavuvi wawili waliosikia kelele walipofika na boti yao, walimkuta Lori peke yake, amekumbatia kayaki. Kinyozi walimpata baadaye, chini.

Baada ya mazishi, Lori hakutaka hata kusikia harufu ya samaki. Alikaa uani siku nzima. Chakula kilipungua. Asubuhi moja shemeji yake alisimama mbele yake, ameshika sufuria tupu.

"Shemeji, mtoto ana njaa."

"Mimi sirudi majini. Nimeapa."

"Uliapa kwa nani? Mwenye kuuliza habari ya kiapo chako amelala kaburini. Machozi yako siwezi kuyapika."

Siku hiyo hiyo Lori aliiburuta ile kayaki nyekundu hadi kwa fundi wa boti, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi kwenye kibanda kando ya bwawa.

"Ikate vipande," alimwambia. "Sitaki kuiona."

Fundi aliinama, akasoma kibandiko kilichokuwa karibu na kiti.

"Hii inabeba kilo mia na thelathini. Wewe una ngapi?"

"Mia na ishirini na nane."

"Na vitu ulivyobeba? Sanduku la barafu, nanga, ndoano, maji ya kunywa?"

"Labda ishirini na mbili."

"Jumla mia na hamsini. Ulipita kiasi kabla hata hujapiga kafi. Tena hiyo namba si ya kufikia. Ukiifikia, kayaki inakuwa imezama sana na haitulii. Jumlisha uzito wako na vitu vyote, kisha hakikisha jumla hiyo haizidi theluthi mbili ya namba iliyoandikwa. Wewe unahitaji kayaki ya kilo mia mbili na thelathini hivi."

Alitoa futi ya kupimia, akapima upana wa kayaki. "Sentimita sabini. Hii ni ya mtu mwembamba anayetaka mwendo kasi. Mwili kama wako unataka karibu sentimita tisini. Tazama na tumbo lake, ni la mviringo, linabingirika kama gogo. Wewe tafuta yenye tumbo bapa. Na kiti kiwe chini. Kadiri unavyokaa juu, ndivyo unavyopinduka upesi."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliulizwa uzito?"

"Niliulizwa."

"Ukasema ukweli?"

Lori alitazama chini. Fundi hakumsukuma zaidi.

"Nina moja ya kufaa," alisema mwishowe. "Niachie hii nyekundu na unichomelee milango ya kibanda. Ila hutaenda kina kirefu mpaka nikuruhusu."

Kwa wiki mbili walifanya mazoezi mahali ambapo maji yalimfika Lori kiunoni. Alikaa, akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Kayaki ilitikisika, kisha ikatulia. Fundi alimpindua kwa makusudi na kumfundisha kurudi: aigeuze, ajivute kifudifudi hadi katikati, ndipo ageuke na kukaa. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya tisa aliweza. Fundi alimtafutia pia jaketi la saizi yake, lililofunga zipu hadi juu.

"Hili halikai nyuma ya kiti," alimwambia. "Linakaa mwilini. Na mtu akizama, usimrukie. Mtupie dumu tupu lililofungwa kamba. Anayezama hajui anachoshika."

Lori alisimama ndani ya maji akiitazama mikono yake. Fundi alidhani amechoka.

Siku ya kwanza ya kurudi kuvua, shemeji yake alikuja ukingoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lori alirudi na kambare sita. Aliwaweka kwenye beseni la shemeji yake, kisha akabaki amesimama, jaketi bado mwilini.

"Shemeji, kuna jambo sijakuambia. Mdogo wangu hakuzama kwa kuchoka. Alinifikia vizuri. Mimi ndiye niliyemkaba. Nilimshika shingo nikamkandamiza chini, nikapanda juu yake."

Shemeji yake aliendelea kupanga samaki.

"Najua," alisema. "Walipomleta niliona alama za vidole. Hakuna mwingine hapa mwenye vidole vikubwa hivyo."

"Miezi yote hii? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungejitupa humu humu majini. Mimi na mwanangu tungebaki na nani?"

Alijitwisha beseni na kuondoka bila kugeuka.

Sasa ni mwaka wa pili. Lori huenda bwawani siku nne kwa wiki, na kayaki haijawahi kupinduka. Binti anasoma na anashiba. Akiulizwa uzito wake, Lori hutaja kilo zote, hata wakiwepo wa kumcheka. Jioni shemeji yake humwekea chakula mezani, humwambia "karibu," kisha huchukua sahani yake na kwenda kula chumbani.