Jicho la Hita

Mashine iliyolala siku nane bila kuwashwa haipaswi kuwa na joto. Fundi aliweka kiganja juu ya mlango wa hita ya bwawa, akahisi uvuguvugu kama wa paji la uso la mwenye homa, akaondoa mkono na kuulaumu ukuta kwa kupigwa na jua. Harufu ya dizeli haikuwepo kabisa. Palinuka nywele zilizoungua, na kwa hilo akawalaumu panya.

Kulaumu ndiko alikokujua. Mafundi wawili waliomtangulia hapo kliniki aliwaita wapaka rangi. Kwake meneja alikuwa tai ya shingoni yenye miguu. Fundi mwenyewe, nyuma ya mgongo wake, aliitwa Bwana Upuuzi, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake tangu asubuhi hadi jioni.

Safari hii, hata hivyo, dharau yake ilibeba hofu ndani. Mkewe alianguka kwenye ngazi mwaka uliopita na miguu ikamwisha nguvu. Ndani ya bwawa hili, maji yakiwa na joto, alikuwa ameanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kumi na mbili, huku akicheka peke yake. Siku nane za maji baridi zilimrudisha kwenye hatua mbili. Mtaalamu wa mazoezi alisema bila kuzunguka kwamba wiki nyingine ya namna hii ingeikaza miguu ile moja kwa moja.

Akaifungua hita kipande kwa kipande. Mafuta yalikuwepo, chujio lilikuwa safi, pampu ilisukuma, cheche ziliruka. Kikabaki kile kidude cha kioo ambacho mafundi hukiita jicho, kisichozidi punje ya hindi, kinachochungulia ndani ya chumba cha moto. Jicho likiona mwanga kabla moto haujawashwa, huizuia mashine isiwake, kwa usalama. Akalipima kwa mita yake inayolia. Alipolielekeza dirishani, mita ililia. Alipolifunika kwa kidole, ilinyamaza. Jicho zima. Akalirudisha mahali pake, ndani ya giza la chumba cha moto, na mita ikaanza kulia tena.

Akamulika humo ndani kwa tochi. Masizi matupu.

"Usilisingizie hilo jicho, fundi," sauti ikasema mlangoni. "Linaona."

Alikuwa Mama Taulo, mhudumu wa bwawa, mwanamke mwenye mvi aliyegawa taulo pale kwa miaka kumi na sita. Hakuvuka kizingiti. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa akipiga hodi kwenye chumba hiki na kungoja kidogo kabla ya kuingia. Alipokwenda likizo, aliyeshika zamu yake aliingia kavukavu na kuwasha. Tangu hapo hita haijakubali.

"Wenzetu wasioonekana wameumbwa kwa moto usio na moshi," alisema. "Huyu hataki kuchanganywa na dizeli yenu. Kesho asubuhi anakuja mtu wa kumwombea njia, atoke kwa heshima. Ngoja siku moja tu."

"Upuuzi mtupu," fundi alisema. "Mama, wewe gawa taulo. Mke wangu yule pale kwenye kiti kando ya bwawa, anasubiri maji."

"Ndiyo maana nakwambia. Ukimtoa kwa moto, atatafuta pa kuingia."

Fundi akamgeuzia kisogo. Kuna ujanja ambao mafundi wote wanaujua na wote wamekatazwa: unachomoa nyaya za jicho ili mashine isione kitu, unaiwasha, halafu moto ukishika tu unaziunganisha nyaya zile zenyewe kwa zenyewe, na mashine inaamini jicho lingali likitazama. Akachomoa. Akabonyeza. Pampu ikaguna, cheche zikaruka, akaziunganisha nyaya, na badala ya ngurumo aliyoizoea akasikia kimya, kimya kirefu kilichojaa harufu ya nywele zilizoungua, na ndani ya kimya hicho, nyuma ya chuma, sauti yake mwenyewe ikasema taratibu, kama mtu anayeonja neno geni, "Upuuzi mtupu," kisha pumzi ya moto ikampita shavuni bila kumchoma, ikamvuka Mama Taulo aliyejibana ukutani, ikaelekea bwawani.

Ndipo hita ikanguruma.

Alasiri maji yalikuwa tayari. Mkewe alishushwa bwawani na kutembea hatua kumi na mbili, akarudi kumi na mbili, kisha akapanda ngazi za bwawa kwa miguu yake. Watu wakapiga makofi. Fundi alilia mbele ya meneja bila aibu. Hakutaka kuziona nyayo za mkewe sakafuni, zilizokuwa zikikauka kabla hajanyanyua mguu wa pili.

Mama Taulo aliziona. Aliinamisha kichwa, yeye mwenye umri wa kumzaa yule mwanamke.

"Shikamoo," akamwamkia.

"Marahaba," mke wa fundi akajibu.

Fundi alifunga jicho jipya na kutia la zamani mfukoni, maana alikuwa ameshaamua kwamba ni bovu. Jioni ile nyumbani, mkewe akiwa amejilaza, alifunga mlango wa chumbani, akashusha mapazia mazito na kuzima taa ili alihakikishe. Akalielekeza ukutani: mita kimya. Kabatini: kimya. Akalielekeza kitandani.

Mita ikalia.

Akalifunika kwa kidole, ikanyamaza. Akaondoa kidole, ikalia.

"Umelipima mara ngapi, fundi?" sauti ikauliza kitandani. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mkewe hakuwahi kumwita fundi.

"Mke wangu," akanong'ona, "ni wewe?"

"Upuuzi mtupu."

Akasikia miguu ikishuka sakafuni na kumjia gizani, hatua moja, ya pili, ya tatu, miguu imara isiyoyumba, kama alivyokuwa akiiombea mwaka mzima.