Namba Iliyoganda

Mama wa watu alikutwa amekufa kitandani, na kioo cha kompyuta kwenye meza ya manesi kinasema ni mzima. Oksijeni tisini na sita, mapigo ya moyo safi kabisa.

Jua halijazama, nesi wa zamu alikuwa mahabusu. Aliyelalamika ni mume wa marehemu, mzee ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Alikuwa anachezea simu," alisema. "Akamwacha mke wangu akafa kama hana mwenyewe."

Baada ya mazishi, Inspekta alimkuta nesi amekaa sakafuni, macho yamevimba.

"Kengele ililia?"

"Haikulia, afande. Naapa."

"Kioo uliangalia?"

"Kila mara. Tisini na sita tu."

"Haikupanda wala kushuka?"

Nesi akanyanyua uso. "Haikucheza hata kidogo."

Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti hakuzungusha maneno. Oksijeni ilipungua polepole, kwa muda mrefu, mpaka moyo ukasimama. Ala! Mtu anaishiwa pumzi halafu namba imekaa tuli? Wapi na wapi!

Inspekta akaenda wodini. Akabana kidole chake kwenye kile kibanio cha kupimia oksijeni, namba ikatokea mezani. Akakichomoa. Kengele ikalia papo hapo.

"Leo inafanya kazi," alimwambia fundi kompyuta wa hospitali. Masikini, huyu fundi ndiye mtoto wa pekee wa marehemu. Watu walimsihi aende nyumbani akapumzike, akakataa katakata.

"Pole na msiba, kaka. Nieleze namba hizi zinatoka wapi. Taratibu, mimi kompyuta naijulia kuandika ripoti tu."

"Mashine ya kitandani inazituma kwenye seva, kompyuta kuu tunayoikodi. Seva yenyewe iko mbali, tunaifikia kwa mtandao. Inazipokea, inazileta hapa mezani, na ndiyo inayoliza kengele."

"Ikiganda?"

"Kioo kinabaki na namba ya mwisho."

"Na hakuna kitu cha kuwashtua?"

"Ipo programu ya ulinzi. Inaiuliza seva kama iko hai."

"Seva iliyoganda inajibu?"

"Mara nyingine inajibu. Inaganda nusunusu."

"Imeshawahi?"

"Tangu tusasishe kiini cha mfumo wake, ile programu ya ndani inayoendesha kila kitu. Kiini kipya kina kasoro. Iliganda, ikazinduka yenyewe. Ikaganda tena."

"Dawa yake?"

"Kurudisha kiini cha zamani, kisha kuiwasha upya."

"Sasa hivi inatumia kipi?"

"Cha zamani."

"Nani alikirudisha?"

"Mimi."

"Lini?"

Fundi akatazama kitanda kilichotandikwa upya.

"Nimekuuliza lini, kaka."

"Baada ya mama kufa."

Kituoni alisomewa onyo la kisheria. Akasema atazungumza, ila baba yake awepo. Mzee akaletwa, akakaa kando ya mwanawe akidhani ameitwa kumfariji.

"Nilijua tangu ilipoganda mara ya kwanza," fundi alianza. "Lakini ukiiwasha seva upya, mashine zote wodini zinapiga kelele kwa pamoja. Siku ya kusasisha zililia hivyo. Mama akashtuka, akaning'ang'ania shati, akatetemeka mpaka akashindwa kusema. Na moyo wake ule! Nikasema simfanyii tena. Atoke hospitali kwanza, ndipo nirudishe."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

"Wangeniamuru nirudishe siku hiyohiyo."

"Ukarudisha lini hasa?"

"Watu walipokuwa wanalia. Mashine zikapiga kelele wodi nzima, hakuna aliyejali."

"Na nesi? Binti wa watu analala sakafuni kwa kosa lako!"

"Kila nikitaka kusema, nauona uso wa baba."

Inspekta, ambaye ameshawasikia wauaji wengi wakikiri, aliweka kalamu chini. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hizo kelele haziepukiki?"

"Haziepukiki. Ila mtu akikaa kando ya kitanda, anabonyeza kitufe tu. Inanyamaza palepale."

"Mtu gani?" Ni mzee aliyeuliza.

"Yeyote, baba."

"Hata mimi?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilikuwa kwenye benchi, mwanangu. Nje ya mlango wake, siku zote zile. Nilikuwa sina kazi yoyote pale. Si ungeniita tu? Ningebonyeza hicho kitufe, nikamshika mkono, nikamwambia mke wangu usiogope, ni mtoto anatengeneza."

Hapo fundi akalia kilio cha mtoto mdogo, kichwa mezani. Inspekta akamtuma koplo akamfungulie nesi. Mzee alikuwa amemkumbatia mwanawe, pingu na yote, akimwita kwa jina alilopewa na mama yake.