Diski ya Pili ya Marehemu

"Mgonjwa ana dakika thelathini na nane."

Sauti ilitoka kwenye kifaa kidogo kama punje ya mtama, ndani ya sikio la mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu. Alijua maana yake. Saa tano kamili asubuhi malori ishirini yangetoka ghala la dawa kwenda hospitali za mikoani. Matatu yalibeba dawa bandia ya usingizi, ile anayochomwa mgonjwa kabla ya kupasuliwa.

Matatu yapi? Aliyejua alizikwa juzi, na ushahidi wake ulibaki kwenye kompyuta ya nyumbani kwake.

Katika Idara ya ujasusi walimwita Nukta. Leo alikuwa fundi kompyuta: ovaroli ya kijivu, mkoba wa bisibisi, na chini ya bisibisi, bastola, Glock 19, iliyoviringishwa kwenye taulo.

"Kwa nini tusiyazuie yote?" alinong'ona.

"Hospitali zina dawa ya leo tu. Ukiyazuia yote, watu watakufa wakisubiri. Ukiyaachia yote, watakufa mezani. Panda."

Huyo alikuwa Babu Waya, fundi mkongwe wa Idara, aliyekaa kilomita sita kutoka pale na kikombe chake cha kahawa. Nukta alijua kufungua kitasa na kuvunja mkono. Ndani ya kompyuta hakujua kitu. Leo mikono ingekuwa yake, akili ya mzee.

Mjane wa marehemu, aliyekuwa akisubiri fundi, alifungua mlango.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Pita."

Chumba kilikuwa kidogo na cha joto. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, karibu na dirisha. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa koti zito. Chai iliyowekwa mbele yake ilikuwa imeshaota utando.

"Shemeji yangu," mjane alisema. "Mdogo wake marehemu."

Mwanamume hakusalimia.

"Mashine inawaka vizuri," mjane aliendelea. "Ila diski ya pili haionekani. Mume wangu picha zote aliweka huko. Hata za harusi yetu. Juzi ilikuwepo, jana haipo."

"Imekufa," shemeji alisema. "Nimemwambia niipeleke kwa fundi wangu. Hataki."

"Picha zangu hazitoki humu ndani," alijibu mjane.

Nukta alipiga magoti, akawasha. Alizungumza na mjane, lakini maneno yalimlenga Babu Waya.

"Mama, hapa naona diski moja tu."

"Zima, washa, bonyeza F2," sikio lilisema. "Tuone kama ubao mkuu wa kompyuta wenyewe unaitambua."

Kioo kilijaa maandishi meupe. Mlango wa kwanza: diski. Mlango wa pili: tupu.

"Hata ubao hauioni, mama."

"Basi Windows haina kosa," Babu Waya alisema. " Ni umeme, waya, au diski yenyewe. Zima, chomoa ukutani, fungua ubavu."

Nukta alitoa bisibisi.

"Unajichosha bure," shemeji alisema. "Ile ya chini imevunjika mdomo."

Bisibisi ilisimama.

Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa. Kwa nje hakuna ambaye angejua kama diski mbovu iko juu au chini, wala kama ina mdomo au haina.

Kikombe cha Babu Waya kiligonga meza. "Umesikia nilichosikia?"

"Ndiyo," Nukta alisema kwa sauti. "Skrubu hizi zimeshashikwa na mtu."

Shemeji alitabasamu. Macho yake hayakushiriki.

Kifuniko kilitoka, bati jepesi lenye kingo kali. Nukta alikiegemeza kwenye paja lake. Ndani, waya wa umeme wa diski ya chini ulikuwa umechomoka nusu. Aliusukuma hadi ukaingia wote, akawasha, akaweka kidole juu ya diski.

"Inatetemeka."

"Basi iko hai. Inapumua, ila haisemi. Zima tena. Mulika waya wa data."

Tochi ilionyesha plastiki iliyopasuka pale waya unapochomekwa. Chembe zake zilikuwa bado chini ya kasha, safi, hazina hata vumbi. Lakini pini zilikuwa zimenyooka, zote saba.

Aliyevunja alikuwa na haraka.

"Usiuamini huo waya. Chukua ule wa kisomea CD."

Nukta alichomeka. Waya uliteleza. Alichomeka tena, ukateleza tena. Bila plastiki ile, haukuwa na pa kushika.

"Mama, njoo unisaidie. Bonyeza hapa kwa vidole viwili. Usiachie hata kidogo."

Mjane aliketi sakafuni, akaingiza mkono ndani ya mashine.

F2. Mlango wa pili: diski.

"Haa!" sikio lilisema. "Endelea mpaka Windows."

Diski ilionekana kwenye orodha, lakini ilikuwa imezimwa na haina herufi ya kuitambulisha. Bonyeza kulia. Iwashe. Ipe herufi. Folda zikamwagika kwenye kioo. Harusi. Nyumbani. Ghala.

Nukta alichomeka nyuma ya mashine kidude chenye ukubwa wa kucha. Kila kilichosomwa na kidude hicho kilimfikia Babu Waya papo hapo.

"Zinaingia. Asilimia nne."

Saa nne na dakika hamsini na moja.

Shemeji alisimama. Alikwenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Alipogeuka, mkono wake ulikuwa na Beretta.

"Fundi, kaa hapohapo. Shemeji, toa mkono."

Mjane aliitazama bastola kana kwamba ni kitu kilicholetwa nyumbani kwake kwa makosa.

"Kwa nini?"

"Toa mkono, nimesema."

Hakuutoa.

"Asilimia thelathini na saba," sikio lilinong'ona. "Waya ukitoka, tunaanza upya. Hatuna muda huo."

"Niliambiwa mume wangu aliteleza kwenye ngazi za ghala," mjane alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyekuja kuniambia." Aliinamisha macho kwenye plastiki iliyopasuka. "Na hii nayo iliteleza?"

"Nilimwomba anyamaze!" Sauti ya shemeji ilipasuka. "Mara tatu nilimwomba! Unadhani nilitaka afe? Kaka yangu?"

Mjane aliegemeza bega kwenye kasha. Vidole viwili vilibaki pale pale.

"Asilimia themanini na moja."

Shemeji aliacha kumlenga mjane. Aliilenga mashine.

Hapo Nukta aliinuka.

Bati lilipanda naye, kingo mbele, likakutana na kifundo cha mkono wa shemeji. Risasi iliingia kwenye dari. Kiwiko. Goti. Beretta iliteleza chini ya kabati, na shemeji akalala kifudifudi, mikono nyuma, vidole gumba vimefungwa kwa kibana cha plastiki.

Chokaa ilikuwa imemwagikia mjane kichwani na mabegani. Hakujipangusa.

"Mia!" Babu Waya alifoka. "Marehemu alipiga picha kila lakiri, na namba ya kila lori. La nne, la kumi na moja, la kumi na tisa!"

Shemeji alihema juu ya sakafu. Nukta aliikodolea saa yake ya Casio.

Dakika moja.

Mbili.

"Matatu yamezuiwa getini. Kumi na saba yametoka. Vijana wanapanda ngazi hapo kwako."

Nukta alipumua.

"Mwanangu," mjane aliuliza, "naweza kuachia sasa?"

"Achia, mama."

Vidole havikukunjuka mara moja. Nukta alivitoa kimoja kimoja. Kisha alichukua ufunguo mfukoni mwa shemeji, akafungua mlango. Wanaume wawili waliovaa kiraia waliingia bila neno, wakamwinua mfungwa wao.

Kwenye meza, simu ya mjane ililia.

"Ni mama mkwe," alisema. "Tangu msiba hunipigia kila saa tano, kunijulia hali." Alimtazama shemeji akitolewa mlangoni. "Alizaa hawa wawili tu. Nimwambie nini?"

Nukta alichomoa kidude chake nyuma ya mashine.

"Sijui, mama."

Alirudisha bisibisi mkobani, akaubeba, akaanza kushuka ngazi kwa mwendo wa fundi aliyemaliza kazi. Simu iliendelea kulia juu yake alipoiacha ghorofa ya tatu, kisha ya pili.

Kisha ikanyamaza.

"Shikamoo, mama," alisikia sauti ya mjane ikisema.

Nukta alikitoa kifaa sikioni, akavaa miwani yake ya jua, akatokea barabarani.