Kadi za Daktari Sgarlata

Kadi ya kwanza ilibadilika Jumatatu. Ninfa Scaduto aliijua, maana ndiye aliyeinakili kwenye kompyuta ya hifadhi ya mimea mikavu ya Palermo Ijumaa: tawi la mharage-mwitu unaonuka, mwamba wa Cefalù, 1889, mkusanyaji Daktari Sgarlata. Sasa, kwa mwandiko uleule wa marehemu, mahali palisomeka: lango la Palermo.

Jumanne kadi nyingine ikasema: soko la Ballarò. Jumatano: bustanini, chini ya dirisha. Na kila kadi ilipobadilika, tawi lililoshonwa kando yake kwenye karatasi, kavu tangu enzi za mababu, lilinuka ubichi, kama limevunjwa sasa hivi.

Alhamisi mchana Gandolfo, bawabu, aliingia akinong'ona.

"Mkurugenzi anataka mkusanyo wote uchomwe."

"Karatasi mia tatu kumi na mbili? Akachome mashuka yake!"

"Dada Ninfa, huyu marehemu anarudi. Hata padri tuliyemwita aje kuombea ameishia getini. Twende zetu."

"Miaka kumi na tisa nimelinda chumba hiki, wadudu huku, wakurugenzi kule. Nenda wewe."

Akafunua karatasi iliyofuata. Kadi ilisema: ngazini, ghorofa ya pili.

Wakazisikia hatua, nzito, za mabuti yenye tope, zikipanda bila haraka, zikipumzika kila kituo cha ngazi kama mzee aliyebeba mzigo, na harufu ya mharage-mwitu ikizitangulia, ikipenya chini ya mlango, ikipanda mezani, mpaka Gandolfo akajiziba pua, akatokea mlango wa nyuma bila kuaga.

Katika kazi ile kadi ya zamani haichanwi. Anayeipinga hubandika kipande chake kando, kwa jina na tarehe, na neno lake ndilo hufuatwa. Ninfa akaandika: "Mkusanyaji alifariki 1891. Kumbukumbu hii ni batili. N. Scaduto." Akatia tarehe, akabandika.

Hatua zikakoma mlangoni.

Gundi haijakauka, akaona karatasi mpya mezani. Haikuwa na tawi. Ilikuwa na kishungi cha nywele, kimeshonwa kwa uzi. Mahali: mezani. Kielelezo: N. Scaduto.

Akajipapasa kisogo. Palikuwa na upara wa ukubwa wa sarafu.

Akaandika: "Kimechukuliwa bila idhini. Mwenyewe yu hai, yuko kazini." Akakibandika kipande kile kwa ngumi.

Kiti cha ng'ambo ya meza kikavutika chenyewe. Mto wake ukabonyea.

"Karibu ukae, Daktari," Ninfa akasema. "Kadi mia tatu na nane hujazigusa. Andika upendavyo. Gundi ninayo."