Neno "Leo"

Soko la Sange lilijaa mchele na kelele siku Sabine alipoingia kwenye kibanda cha interneti cha Venant, kitenge chake cha samawati kimelowa mvua.

— Ndugu, barabara ya Uvira iko namna gani?

Venant akafungua ukurasa wa habari wa parokia, ambao yeye ndiye aliuandika: *Leo barabara iko salama.*

— Mama anaenda kuuza mchele?

— Miye si mama ya muntu. Angalia mashine, usiangalie kitenge.

Tangu siku ile, Venant alimpigia simu kila jioni.

— Chérie, mpenzi wangu, umekula?

— Nimekula. Ni sauti yako tu iko na njaa.

Venant alitunza mashine tatu: Uvira, Sange na Lemera. Antena zilikuwa dhaifu, basi kila mashine ilijiwekea nakala ya ukurasa. Ukurasa ukibadilishwa, ilibidi kila moja iambiwe itupe nakala ya zamani.

Vita ikakaribia. Venant, kazini Uvira, akamwambia Sabine: "Kesho ukisoma *leo iko salama*, panda gari, uje huku." Kesho yake asubuhi akaandika: *Barabara imefungwa.* Lemera ikatupa nakala ya zamani. Alipotaka kuiambia mashine ya Sange, antena ya kule ikazimika, na simu pia.

Mashine ya Sange ikabaki na nakala ya jana: *Leo barabara iko salama.* Sabine akaisoma, akapanda minibus.

Venant akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena na tena, huku milio ya silaha ikisikika toka bondeni. Akapiga magoti katikati ya nyaya, akamwomba Mungu amchukue yeye, amwache Sabine.

Siku ya tatu Sabine akasimama mlangoni pa Venant, Uvira, na kiatu kimoja, kitenge chote matope. Risasi zilipoanza, abiria walikuwa wameruka garini, wakalala kwenye mifereji ya mpunga.

— Weye ndiye uliandika *leo*, akasema. Nilipanda sababu ya weye.

— Ile *leo* ilikuwa ya jana, chérie. Mashine ya Sange ilibaki nayo.

— Mashine haijue *leo* ni nini. Weye unajua.

 Venant akaketi, akafuta *leo* kila mahali, akaweka siku na saa, na chini yake: *Jua likizama, musiamini tena.*  Sabine alimtazama mpaka akamaliza.

— Nitaleta mahari kwenu, Venant akasema kwa sauti ndogo. Nikuoe.

— Lini?

— Leo leo!

Sabine akamsogezea tena kibodi.

— Andika tarehe.